Somo Yangu, Peponi Tumeimaliza

Ngamiani, Tanga
Jumapili ya mwisho wa mwezi

Somo yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe, shemeji na watoto wote, nikiamini kwamba sasa mmeshaizoea hewa ya ziwa na Mwanza imeanza kuwa kwenu. Sisi huku ni wazima. Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili: kwanza peke yangu jikoni, kisha kwa sauti mbele ya wenzetu wa kikao cha kusoma, kwa kuwa uliagiza kwamba yale uliyoyaandika kuhusu Rosa Mistika, ile riwaya ya Kezilahabi, wayasikie wote. Umeniuliza mwezi huu tumesoma nini na tumezungumza nini. Nilitaka kukupigia simu, lakini nikaona mazungumzo ya safari hii ni mazito kuliko dakika za simu, na ni heri niyaandike wakati bado yamo kichwani.

Kama unavyokumbuka, utaratibu wetu ni kwamba kila mtu husoma anachokipenda, ila kitabu kimoja lazima kiwe cha wote. Cha mwezi huu kilikuwa Peponi, ile riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota wakaichapisha mwaka 2022, baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Tulichanga, tukaagiza nakala moja, ikaja na basi kutoka Dar es Salaam. Kwa kuwa nakala ni moja na wasomaji ni wanne, kila mmoja alipewa wiki yake, na ruhusa ya kuandika pembeni ilitolewa kwa sharti kwamba iwe kwa penseli na penseli isikandamizwe.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Kitabu kiliponifikia kilikuwa kimeshapita mikono mitatu, na nakwambia kweli, sikukisoma peke yangu hata ukurasa mmoja. Kijana wetu wa bandarini hupiga mstari mrefu ulionyooka kando ya aya aliyoipenda, wala haandiki neno. Mwalimu wetu huandika maswali, na baadhi ya maswali yake anayajibu mwenyewe kurasa ishirini mbele. Mzee wetu fundi cherehani huandika kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni utotoni mwake. Ni Kiswahili kitupu, lakini kimeandikwa kwa herufi zile, ndogondogo, zikianzia kulia. Katika mkunjo wa kurasa mbili nilikuta kipande cha uzi mweusi, nikajua kwamba hapo ndipo mteja alipomkatisha. Nimekiacha palepale.

Herufi zile mimi nazisoma kwa kusitasita, hivyo nyingi nilizipita. Lakini kuna mahali ambapo nilisimama. Ni pale mwanzoni, ambapo Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anapandishwa garimoshi na kuondoka na mfanyabiashara Aziz, anayemjua kuwa ni ami yake, bila ya kuelewa kwamba baba yake amemtoa rehani kwa sababu ya deni. Kando ya aya hiyo mzee alikuwa ameandika maneno mawili tu. Nikayasoma herufi moja baada ya nyingine mpaka yakakamilika: "Na mimi."

Sikumuuliza. Unajua jinsi mzee wetu alivyo. Jambo lake hulisema mwenyewe wakati wake ukifika. Nilinyamaza nikangoja siku ya kikao.

Tulikutana Jumamosi alasiri, barazani kwake kama kawaida, cherehani ikiwa imefunikwa shuka na kahawa ikiwa mezani pamoja na kashata za nazi. Mimi nilifika nikiwa nimeshatoa hukumu. Unaijua tamati ya kitabu, kwa hiyo siogopi kukuharibia: safu ya askari wa Wajerumani inapita ikikamata vijana ili iwapeleke vitani, Yusuf na Khalil, yule kijana mkubwa anayefanya naye kazi katika duka la Aziz, wanajificha dukani, na askari wanapokwisha kuondoka, Yusuf anasikia nyuma yake sauti kama ya milango ya bustani inayokomewa, kisha anatoka mbio na kuifuata safu ileile. Nikasema kwamba mimi sikumsamehe. Khalil alimlea kama mdogo wake, akamfundisha kazi, akamwambia ukweli ambao wakubwa waliuficha, naye anamwacha bila ya kwaheri na kuwakimbilia watu ambao kitabu kizima kimetuonyesha namna wanavyoiteka nchi. Nilisema hayo kwa ukali kidogo, nakiri, kwa sababu nilikuwa nimempenda yule mtoto kwa muda wa siku saba na nilitaka mwandishi amtafutie njia iliyo bora.

Mwalimu aliniunga mkono, ila yeye alikuwa na lake. Akasema anayemuuma si Khalil bali ni Amina, yule binti ambaye yeye pia alichukuliwa kwa deni na mwishowe akafanywa mke wa Aziz. Yusuf anakimbia, akasema, lakini Amina atakimbilia wapi? Kijana wa bandarini akafungua kitabu kwenye mistari ya mwisho, akatuonyesha kwamba alama yake ameiweka kwenye ile sauti ya makomeo na si kwenye zile mbio, kwa maana kwamba Yusuf hakuvutwa na Wajerumani, bali alisukumwa na mlango.

Hapo ndipo mzee alipoweka kikombe chini.

Alisema kwamba alikuwa na umri wa miaka tisa baba yake alipompeleka Pangani kwa mwenye duka aliyekuwa akimdai. Hakuambiwa kuwa ni deni. Aliambiwa anakwenda kukaa na ndugu, akafurahi, kwa sababu alipewa kanzu mpya. Alikaa dukani miaka sita. Akatuangalia mmoja mmoja, akasema: "Mlango wa duka ulikuwa wazi kutwa. Hakuna aliyenifunga wala aliyenishika. Njia ya kurudi Tanga niliijua. Na miaka sita sikutoka." Kisha akaeleza siku aliyoondoka. Lori lilisimama mbele ya duka, lilikuwa likichukua vibarua wa shamba la mkonge, naye akapanda akiwa na nguo aliyoivaa. "Mkonge haukuwa bora kuliko duka," alisema, "na mimi nililijua hilo kabla sijapanda, maana nilikuwa nimewaona mikono yao waliorudi kutoka huko. Lakini lori lile nilipanda mwenyewe."

Somo yangu, tangu tuanze vikao hivi sijapata kusikia kimya kama kile. Mimi niliyekuja na hukumu yangu sikuwa na neno hata moja. Na kitu kilichonishangaza ni kwamba aliyekivunja kimya kile ni mwalimu wetu, mdogo kuliko sote, naye alikivunja kwa adabu kubwa. Akasema, "Mzee wangu, nisamehe kwa swali hili. Kama ungekuwa binti, lori lile lingesimama?" Mzee alifikiri kwa muda mrefu, mpaka nikaogopa kwamba ameudhika. Kisha akajibu: "Lisingesimama."

Basi hapo ndipo tulipofika, na hapo ndipo ninapokuhitaji wewe. Siwezi tena kumhukumu Yusuf kama nilivyomhukumu wiki iliyopita, kwa kuwa sasa kila nikifungua ukurasa ule wa mwisho namwona mtoto mwenye kanzu mpya. Lakini pia siwezi kuufunga mjadala kwa lori la mzee peke yake, kwa sababu swali la mwalimu limebaki bila ya jibu ndani ya kitabu na nje ya kitabu. Nimerudi kumsoma Amina kwa swali hilo, nikaona kwamba mara ya kwanza nilimpita haraka mno. Nilimsoma kama mtu anayependwa na Yusuf. Sikumsoma kama mtu ambaye ameshajua, kabla ya wote, kwamba bustani ile nzuri ni ukuta.

Kuna sehemu nyingine iliyotuchukua saa nzima, nayo ni Mzee Hamdani, mtunza bustani. Unakumbuka kwamba alipewa uhuru wake naye akaukataa, na maelezo anayoyatoa kwa Yusuf ni kwamba mtu hawezi kukupa kile ambacho hakikuwa chake. Kijana wa bandarini aliona kuwa huo ni ujasiri mkubwa kuliko yote yaliyomo katika riwaya. Mimi bado naona huzuni zaidi kuliko ujasiri, maana maneno yale ni makubwa, lakini mwenye kuyasema bado anachota maji ya bustani ya mwingine. Katika ukurasa huo penseli nne zimejaa pembeni mpaka hakuna nafasi.

Tulizungumza pia habari ya Kalasinga, yule fundi Singasinga anayetaka kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili huku wenzake wakimcheka. Mzee alitabasamu, akaingia ndani na kutuletea tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, ambayo jalada lake amelishona upya kwa mkono. Akasema kwamba hata hiyo, ilipotoka, walikuwepo waliouliza Kiswahili kitaubebaje mzigo huo. Nilifurahi kuona kwamba utani wa kitabuni ulikuwa na jamaa zake barazani.

Na kwa kuwa tuko Tanga, hatukuweza kuiacha ile safu ya askari iondoke hivihivi. Mwalimu alitukumbusha kwamba vita wanavyovisubiri watu wa kitabuni vilifika hapa petu Novemba 1914, Waingereza walipoleta majeshi kutoka India, wakateremka upande wa Raskazone, pale tunapokwenda kupunga upepo siku za sikukuu, wakashindwa na kurudi majini. Na hadithi ya nyuki waliowavamia askari siku zile kila mtoto wa Tanga ameisikia. Lakini alichotaka tukifikirie ni wapagazi. Pande zote mbili zilichukua watu wa nchi hii kubeba mizigo ya vita, na makumi ya maelfu yao hawakurudi, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, tunalolitaja kila tukienda Dar es Salaam kununua vitambaa, linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Tangu alipolisema hilo nimekuwa nikijiuliza Yusuf angebeba nini, na angefika wapi.

Sasa nije kwenye lako. Uliandika kwamba ulipovuka kwenda Ukerewe ulitazama mashamba na nyumba ukimtafuta Rosa, na kwamba safari hii umemwona baba yake, Zakaria, kuwa mtu mwenye hofu, tofauti na ulivyomwona tulipoisoma shuleni, ambapo ulimchukia tu. Wenzetu walikusikiliza kwa makini. Mwalimu anakubaliana nawe, lakini anaongeza kwamba hofu ya baba ndiyo iliyomnyima Rosa nafasi ya kujifunza kusema hapana kwa hiari yake mwenyewe, kwa hiyo hofu hiyo haimpunguzii baba deni. Mimi nimeona kwamba Kezilahabi aliandika mwaka 1971 jambo ambalo swali la mwalimu la Jumamosi liliuliza upya: binti anayelindwa kwa fimbo na binti anayetolewa rehani wote hawakuulizwa. Kitabu kile kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, wewe unajua, na mzee alisema kuwa wakati ule yeye alikisoma chini ya meza ya cherehani. Tafadhali andika zaidi kuhusu Regina, mama yake Rosa. Barua yako ilimtaja kwa sentensi moja tu, nami naamini una mengi.

Mengine ya mwezi huu nitayapitia kwa ufupi. Mwalimu amemaliza Kusadikika na wanafunzi wake, na anasema walipofika kwenye mashtaka ya Karama darasa liligawanyika pande mbili, nusu waendesha mashtaka na nusu watetezi, mpaka kengele ikawakatisha. Kijana wa bandarini amesoma Kuli ya Adam Shafi kwa usiku tatu, na sasa anawauliza wazee wa gatini maswali kuhusu mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Mimi nilianza diwani moja ya mashairi nikaiacha katikati. Mashairi yalikuwa mazuri, ila akili yangu ilikuwa bado bustanini kwa Aziz.

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi kitakachokuja na basi la Jumanne. Ndani yake kuna nakala yetu ya Peponi, na uzi mweusi umo palepale ulipokuwa. Wenzetu wameridhia kwamba ije kwako ili uwe msomaji wa tano, na nimekuwekea penseli. Kwenye ukurasa wa Mzee Hamdani huna nafasi, samahani, andika kwenye karatasi uichomeke. Lakini kwenye ukurasa wa mwisho, upande wa kushoto, tumekuachia pembezoni nzima bila ya kuigusa, kwa sababu tumetaka ulijibu hilo swali la lori na la binti kabla hujayasikia yetu zaidi. Usikae nayo kupita wiki tatu, maana mzee ameomba airudie kuanzia mwanzo.

Nisalimie shemeji, na wanangu wape mabusu.

Ni mimi somo yako