Ngumbaru warudi darasani, safari hii na simu zao

Ndugu Mhariri,

Mwaka 1971 mama yangu alinunua kanga gulioni, huko Magu, akaivaa siku ya arusi ya wifi yake. Aliipendea rangi. Maneno yake hakuyasoma, maana hakujua kusoma. Wifi yake alikuwa amefika darasa la nne, na aliyasoma vizuri sana: "Hasidi hana sababu." Ugomvi uliozuka ulimaliza masika nzima, na mpaka leo shangazi akitaka kumchokoza mama huwa anaanzia hapo.

Kisa hicho hunijia kila ninapoona mtu mzima, pengine mwenye shahada, akisambaza kwenye kundi la ukoo ujumbe ambao yeye mwenyewe hajaufikisha mwisho. Naye amevaa maneno asiyoyajua. Mama angalau alikuwa na udhuru.

Baada ya aibu ile mama aliingia kisomo cha ngumbaru, yaani cha watu wazima wasiojua kusoma, na nadhani kanga ilimsukuma kuliko hotuba yoyote. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mimi nilikuwa mtoto wa kubeba taa. Walikaa chini ya mwembe jioni, wametoka shamba, na aliyewafundisha alikuwa kijana wa kijijini aliyemaliza darasa la saba. Kitabu chao kilihusu kilimo cha pamba, kwa kuwa sisi tulikuwa watu wa pamba. Wenzetu wa migomba walisomea migomba, na wavuvi wakasomea uvuvi.

Tunapenda kutaja namba za enzi hizo. Sensa ya 1967 ilikuta zaidi ya asilimia 60 ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa wa 1975 ukaonyesha wamebaki asilimia 39. Kufikia 1986, kwa hesabu ya serikali, walikuwa chini ya asilimia 10. Namna kazi ilivyofanyika tunaitaja mara chache. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuzunguka redio. Redio ilisema, kijitabu kikasomwa kwa sauti, watu wakabishana, kisha wakainuka kwenda kuchimba choo. Asiyejua herufi alisikiliza, anayejua akamsomea mwenzake, na wote walitoka wakiwa na jambo moja la kufanya. Na mtihani ulikuwa na hatua nne: wa hatua ya nne alitakiwa aweze kusoma gazeti, kufuata maelekezo ya kazi na kuweka hesabu zake mwenyewe. Kujua herufi tu hakukumfikisha mtu huko.

Sasa leo, Mhariri, wa hatua ya nne ni yupi?

Chukua ujumbe ambao kila mwenye laini Tanzania ameshaupata: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Nimefundisha Kiswahili miaka 31 na sijaona sentensi fupi iliyotungwa kwa ustadi kama hiyo. Nguvu yake yote iko kwenye neno "ile". Ni kionyeshi kinachodai kwamba mimi na wewe tulishazungumza, tunajuana, tunakijua kinachotajwa. Tapeli hana habari kama unadaiwa kodi ya nyumba, ada ya mtoto au mchango wa harusi. Wewe ndiye unayemjazia hiyo nafasi. Akiutuma kwa watu elfu, hakosi mmoja ambaye asubuhi hiyohiyo aliahidi kumtumia mtu pesa. Kampuni za simu hutuonya kila siku tusitoe namba ya siri. Ni onyo jema, lakini ujumbe huu hauombi namba ya siri ya mtu. Mwenye simu anabonyeza mwenyewe, kwa hiari yake, akiamini analipa deni. Kusoma anajua, tena vizuri. Alichokosa ni mazoea ya kusimama kidogo na kuuliza nani anasema, na mbona hakujitaja jina.

Nakiri kosa langu. Wanafunzi wangu walijifunza vionyeshi kwa majedwali, hiki na hicho na kile, wakafaulu. Sikuwahi kuuandika ujumbe ule ubaoni hata siku moja.

Na wangapi wanajua kwamba ujumbe wa utapeli, pamoja na namba iliyoutuma, unaweza kupelekwa kwenye 15040? Au kwamba ukipiga *106# unaonyeshwa laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA? Vyote viwili vinafanya kazi hata kwenye kiswaswadu, kwa hiyo hoja kwamba mambo haya ni ya wenye simu janja mjini siikubali.

Kisha kuna neno "Ruhusu". Mama mmoja ninayemfahamu, muuza dagaa wa Kirumba Mwaloni, alikopa shilingi 50,000 kwenye programu ya simu. Programu iliomba kuona majina yote aliyohifadhi. Akabonyeza "Ruhusu", kama tunavyobonyeza sote. Alipochelewesha marejesho siku tatu, paroko wake, mwenyekiti wa mtaa na mkwewe walitumiwa ujumbe kwamba yeye ni mwizi. Aliacha kwenda kanisani miezi miwili. Masharti ya mkopo, aliponionyesha, yalikuwa kwa Kiingereza kuanzia juu hadi chini. Ni kweli Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022. Lakini mtu mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada haketi saa nne usiku kupekua orodha. Angesaidika zaidi kama angejua, kabla ya siku hiyo, kwamba neno "Ruhusu" linamkabidhi mgeni ukoo wake wote.

Picha na sauti nazo husomwa. Ukurasa wa mbele wa gazeti unaweza kughushiwa mezani kwa mtu, nembo na tarehe zikawepo, na sauti ya kiongozi ikatengenezwa kwa akili mnemba hadi jirani yake wa miaka mingi aikubali. Wewe Mhariri unalijua hilo kuliko mimi.

Ninachoomba ni vikundi virudi, na wala hakuna haja ya kuviunda upya. VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, hukutana kila wiki. Jumuiya ndogondogo zipo, madrasa zipo, kijiwe cha bodaboda hakijawahi kukosa watu. Kabla ya kuhesabu hisa, robo saa tu, mmoja asome kwa sauti ujumbe uliomfikia wiki hiyo na wengine waupekue. Kijana wa kidato cha nne anajua kwamba mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp ina maana umeshasambazwa mara nyingi. Bibi yake anajua kwamba hakuna tajiri anayemgawia asiyemjua pesa. Kila mmoja peke yake anatapeliwa. Nimeshuhudia kwa wote wawili. Halmashauri zina maafisa wa elimu ya watu wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iko kwa sheria tangu 1975. Kijitabu cha kurasa kumi, kwa Kiswahili cha watu, hakiwezi kuwashinda. Na kisianze na historia ya kompyuta, nawasihi. Kianze na "Ile hela".

Nawe una sehemu yako. Zamani huku Kanda ya Ziwa tulikuwa na gazeti lililochapwa Mwanza, jina lake Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya waliotoka ngumbaru ili wasije wakasahau kusoma. Mama alilifunga kwa uzi na kulitunza kwenye sanduku la nguo, karibu na kanga ile aliyokataa kuivaa tena na kukataa kuitupa. Sikuombi gazeti zima. Nusu ukurasa kila Jumamosi utatosha: ujumbe mmoja, picha moja au tangazo moja lililopita kwenye simu za watu wiki hiyo, lifunuliwe mbele ya wasomaji neno kwa neno.

Wa kuanzia ninao. Uliingia kwenye simu ya mama Jumanne asubuhi. Alinipigia, akanisomea polepole, kidole kikifuata maneno kama alivyozoeshwa chini ya mwembe, kisha akaniuliza, "Mwanangu, ile hela, hela ipi?"

Mwalimu mstaafu,
Nyegezi, Mwanza