Zote 5W-30, mbona ya kwenu ghali?

Swali hili halituishi hapa gereji. Juzi mteja wetu wa Ilazo aliliuliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: kanunua dumu la oili Dar kwa bei nafuu kuliko letu, na yote mawili yameandikwa 5W-30, fuli sinthetiki.

Tukamwambia aligeuze.

5W-30 ni uzito wa oili tu, haisemi imetengenezewa injini gani. 5W-30 ya viwango vya ILSAC, vinavyotumika Marekani na Japani, inaruhusiwa kuwa na HTHS ya 2.9, yaani uzito unaobaki oili ikibanwa kwenye nyuzi joto 150. Viwango vya Ulaya vya ACEA A3/B4 na C3 havitaki HTHS ishuke chini ya 3.5. Ukiweka ya kwanza kwenye BMW iliyoandikiwa ya pili, unapunguza kinga ya injini.

Hata hilo neno sinthetiki halina maana moja. Ujerumani neno hilo huwekewa oili za PAO na esta, zinazoundwa kiwandani kwa kemikali. Zile za kundi la 3, ambazo ni mafuta ghafi yaliyochakatwa sana, huandikwa HC-Synthese. Marekani, tangu mvutano wa Mobil na Castrol uamuliwe mwaka 1999, nazo huitwa sinthetiki. Si oili mbaya, sisi wenyewe tunaziuza, ila bei zake haziwezi kulingana na za PAO.

Kilichotuumiza zaidi ni Mazda CX-5 ya dizeli, iliyotoka Japani. Mwenyewe aliwekewa kwingine A3/B4, oili nzuri na ya gharama. Tatizo, gari lina DPF, chujio la masizi kwenye ekzozi, na Japani limeandikiwa oili ya kiwango cha DL-1. Majivu, yaani mabaki ya oili ikiungua, kwa DL-1 ni kama asilimia 0.6, ya A3/B4 yanaweza kufika 1.6, na majivu hayaungui DPF inapojisafisha. Yanabaki humo humo. Akaja taa imewaka, anasimulia gari lilivyogoma kupanda Sekenke, na tayari kuna fundi kamshauri aitoboe DPF. Tuliitoa, tukaisafisha. Hela aliyolipa ingemtosha sevisi kadhaa.

Halafu wapo wa "Dodoma joto, niwekee 20W-50". Bosi, joto la injini linasimamiwa na themostati, si jua la Nkuhungu. Passo yako asubuhi itasubiri hiyo oili nzito ipande juu huku vyuma vinasagana.

Bei yetu ina filta, washa mpya ya nati ya sampu, na muda wa kutafuta kwa namba ya chesisi oili ambayo gari lako limeandikiwa. Hatumwagi oili injini ikiwa baridi, na oili ya kupima kutoka pipani hatuna.

Ukiwa na dumu lako, lilete. Tutasoma nyuma yake pamoja. Likifaa utalipa ufundi na filta. Lisipofaa hatuliweki, hata ukiapa kwamba hutalalamika. Hicho kiapo tumeshakisikia.