Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kope Zinazorudi Baada ya Upasuaji

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati tendaji ilielekeza mafunzo yote kwenye jambo moja: wagonjwa wa vikope (trakoma, maambukizi ya macho yanayoacha kovu) waliofanyiwa upasuaji, wakapona, kisha kope zikageuka tena na kuchoma jicho. Kingatiba, yaani dawa inayogawiwa kwa jamii nzima, inazuia maambukizi mapya kwa watoto, lakini bibi ambaye kigubiko chake (ngozi inayofunika jicho) kimeshajikunja kwa kovu hasaidiwi na kidonge. Kila akipepesa, kope zinakwangua konea (kioo cha mbele cha jicho), na weupe unaobaki hapo hauondoki hata kope zikinyooshwa. Tena akirudi mara ya pili, kigubiko kina kovu juu ya kovu, na kazi huwa ngumu kuliko ya kwanza.

Utafiti uliotuongoza ni wa Ethiopia, uliochapishwa mwaka 2016. Wagonjwa 1,000 waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya njia mbili. Ya kwanza inakata kigubiko chote, kuanzia ngozi hadi utando wa ndani. Ya pili inakata kwa ndani tu, utando na tarso (sehemu ngumu ndani ya kigubiko), ngozi ikabaki nzima. Baada ya mwaka mmoja kope zilikuwa zimerudi kwa asilimia 22 ya waliofanyiwa ya kwanza, na asilimia 13 ya waliofanyiwa ya pili. Kwa maoni yangu tofauti hiyo inatosha: wanafunzi wapya waanze na njia ya ndani. Mpasuaji mzoefu ambaye matokeo yake ni mazuri asilazimishwe kubadili, ila matokeo hayo yawe yameandikwa.

Hata hivyo, njia nzuri huharibiwa na mkono. Chale hupita milimita 3 kutoka ukingo wa kigubiko, sambamba nao. Kosa tunalolikuta zaidi ni chale fupi. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania ulionyesha kwamba chale isiyofika milimita 22 huongeza sana uwezekano wa kope kurudi, na sababu yake inaonekana kwa macho: katikati panageuka vizuri, lakini ncha mbili, ya upande wa pua na ya upande wa sikio, hazikuachiwa, kwa hiyo zinabaki zimeelekea ndani. Pima kwa rula kabla ya kushika kisu, kisha malizia ncha kwa mkasi. Nyuzi tatu ziachane kwa nafasi sawa na zikazwe sawa. Uzi wa katikati ukivutwa kuliko wenzake, ukingo unaingia bonde ambalo mgonjwa ataishi nalo.

Ganzi ikiwa bado inafanya kazi, mwambie mgonjwa atazame mbele, umwangalie kwa lupu (miwani ya kukuza) inayokuza mara 2.5. Ukope hata mmoja ukigusa jicho, fungua uzi ufunge upya hapo hapo. Usimwambie kwamba utakaa sawa uvimbe ukishuka.

Kuhusu dawa, mgonjwa apewe azithromaisini gramu 1 mara moja siku ya upasuaji. Utafiti mwingine wa Ethiopia, wa mwaka 2006, ulionyesha kwamba dozi hiyo ilipunguza kope kurudi kwa takriban theluthi moja, ikilinganishwa na mafuta ya tetrasaiklini.

Neno moja kwa wenzetu wa kingatiba. Watoto walio chini ya miaka 7, au wasiofikia sentimita 120 kwenye fimbo ya kupimia, wapewe azithromaisini ya maji. Chupa ya miligramu 1,200 huchanganywa na mililita 15 za maji: gonga chupa kwanza ili unga uachane, tia maji, tikisa. Maji yakizidi, kila kijiko kinabeba dawa pungufu. Mtoto anayelia asibanwe pua wala kulazwa chali ili ameze. Watoto hupaliwa hivyo. Aliye chini ya miezi 6 hapewi dawa hii kabisa, hupakwa mafuta ya tetrasaiklini mara 2 kwa siku kwa wiki 6.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe mambo mawili. Kwanza, kila mpasuaji mpya afanyie mazoezi kwenye HEAD START, mdoli wa kichwa wa kujifunzia upasuaji huu, kabla ya kugusa mgonjwa. Pili, daftari la ukaguzi wa wagonjwa miezi 3 hadi 6 baada ya upasuaji liongezewe safu ya mahali kope zilipogusa: upande wa pua, katikati, au upande wa sikio. Kope zikirudi pembeni, mpasuaji arudi kwenye urefu wa chale yake. Zikirudi katikati, akague nyuzi.