Barua kwa Neema: kwa nini panya hawa hawazai

Leiden, Jumapili jioni

Neema ndugu yangu,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Shemeji hajambo? Na watoto? Mimi namshukuru Mungu, afya ipo na kazi zinaenda. Ujumbe wako nimeupata, na swali lako limenikaa kichwani. Wewe unashinda na wagonjwa wanaotibiwa kwa mionzi, ndiyo maana unataka kujua sisi huku tunatafuta nini kwenye korodani za panya. Acha nikueleze, kwa sababu kazi yako na yangu zinakutana mahali pamoja.

Unakumbuka DNA hailali wazi ndani ya kiini cha seli. Kila jozi 147 hivi za besi zimezungushiwa fundo la protini nane ziitwazo histoni, mbili mbili za H2A, H2B, H3 na H4, na mafundo hayo yakifuatana ndipo tunapata kromatini. Tatizo ni kwamba shuleni tulifundishwa kana kwamba H2A ni moja tu. Ina ndugu zake, na mmojawapo ni H2AX, ambayo mkia wake una asidi amino moja ya kipekee: serini ya 139. Kazi yangu yote iko kwenye hiyo serini.

Mionzi ikikata nyuzi zote mbili za DNA, kimeng'enya kinachoitwa ATM hubandika fosfati kwenye serini hiyo ndani ya dakika chache. Tena alama haibaki pale palipokatika. Inasambaa pande zote mbili, hata kufikia besi milioni na zaidi, kama msiba unavyotokea nyumba moja na maturubai yakafungwa mpaka njia ya mtaa wa pili. Protini ya MDC1 huja kuishika alama, na wakarabati wengine wakafuata. Kikundi cha mtafiti William Bonner huko Marekani ndicho kilichoieleza alama hiyo mwaka 1998. Siku hizi mtu akitaka kujua DNA ya seli imekatika kiasi gani, anapaka kingamwili ya alama hiyo na kuhesabu vidoa vinavyong'aa.

Sasa tuje kwa panya. Mwaka 2002 mtafiti Celeste na wenzake walitangaza kwamba wameiondoa jeni ya H2AX kabisa. Ukiondoa jeni ya ndugu yake, H2A.Z, kiinitete hufa mapema tumboni. Hawa walizaliwa na wakaishi. Lakini walikuwa wadogo wa mwili, kinga yao ilikuwa na kasoro, mionzi iliwadhuru kirahisi, na kromosomu zao zilivunjika ovyo. Majike walishika mimba. Madume hawakuzalisha hata kidogo.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mbegu za kiume zinapotengenezwa, kila kromosomu hutafuta mwenzake na kushikamana naye. Lakini kromosomu za jinsia, X na Y, zinafanana sehemu ndogo tu, kwa hiyo sehemu kubwa inabaki bila mwenza. Seli huiwekea sehemu hiyo alama ile ile ya mkato, safari hii kwa kutumia ATR, kimeng'enya ndugu wa ATM, halafu jeni za X na Y zinazimwa zote. Bila H2AX hazizimiki, na seli hufa kabla ya kugawanyika. Jike ana X mbili zinazoshikamana mwanzo hadi mwisho, na ndiyo maana yeye anasalimika.

Ningetamani ungeona kwa darubini. Seli changa inang'aa kiini kizima, maana wakati huo inajikatakata DNA yake yenyewe kwa makusudi ili kromosomu zibadilishane vipande. Baadaye mikato inazibwa na mwanga unafifia kila mahali, isipokuwa wingu moja zito pembeni. Hilo wingu ni X na Y. Kwenye panya asiye na jeni hii, hakuna kitu.

Lililo karibu zaidi na wagonjwa wako ni hili: panya akikosa H2AX pamoja na p53, protini inayozuia saratani, saratani inamjia haraka, hasa ya limfu. Mwaka 2003 ilionekana kwamba pale p53 inapokosekana, hata kupoteza nakala moja tu ya H2AX kunaongeza uvimbe. Kwa binadamu jeni hii iko kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 11, eneo ambalo hukatika au kupotea katika baadhi ya saratani. Mimi naamini tunapaswa kuliangalia jambo hili kwa makini kuliko tunavyofanya, wala si kwa ajili ya panya.

Niambie, huko kwenu vijana wa kiume wanaopigwa mionzi karibu na nyonga wanaelezwa mapema kuhusu uzazi wao? Niandikie kirefu, maana nataka kulizungumza na msimamizi wangu. Picha za darubini nitakutumia wiki hii. Msalimie mama sana.

Wako,
Asha