Barua ya wazi: Silaha zisizo na namba Minnesota

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Sheria na Usalama wa Umma, Seneti ya Minnesota, St. Paul
Septemba 2025

Mheshimiwa,

Kifungu cha 609.667 cha sheria za Minnesota kinasema anayekutwa na silaha isiyo na namba ya utambulisho anaweza kufungwa hadi miaka 5. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya jimbo Agosti hii, kifungu hicho hakimgusi aliyejitengenezea bastola nyumbani. Sheria hiyo ya 1994 haikueleza yenyewe namba ni nini. Ilielekeza kwenye kifungu cha 5842 cha sheria ya kodi ya shirikisho, kinachohusu bunduki rashasha, zilizofupishwa mitutu na jamii yake. Bastola ya kawaida haimo. Majaji walisoma kilichoandikwa, na kukiandika upya ni kazi yenu.

Tunakusihi, msifute tu rejea hiyo na kuondoka. Kabla ya sheria ya shirikisho ya 1968, bunduki nyingi za marisau na za risasi ndogo za .22 zilitoka kiwandani bila namba, kihalali kabisa. Mwindaji aliyerithi bunduki ya babu yake asiamke mhalifu. Zilizotengenezwa kabla ya mwaka huo zisamehewe kwa maandishi.

Kwa zilizobaki, namba ichongwe na muuzaji silaha mwenye leseni ya shirikisho, kwa vipimo vinavyobana viwanda: kina kisichopungua inchi 0.003, kimo cha herufi inchi 1/16. Fremu, yaani kiunzi kikuu cha silaha, ikiwa ya plastiki idaiwe kibati cha chuma kilichozamishwa ndani yake, namba ikae hapo, maana plastiki tupu hukwanguka. Namba ianze na ufupisho wa namba ya leseni ya aliyeichonga, na silaha iingizwe kwenye daftari lake. Hili la daftari ndilo tunalolisisitiza kuliko yote: mpelelezi huanzia kwa mtengenezaji, akafuata muuzaji, hadi mnunuzi wa kwanza. Pasipo daftari, namba ni mchoro tu. Wenye silaha wapewe miezi sita kutimiza hayo.

Fremu ambazo hazijakamilika zitajwe pia. Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Bondi dhidi ya VanDerStok, iliiacha isimame kanuni ya 2022 ya ATF, wakala wa shirikisho wa silaha, kuhusu vifurushi vya sehemu za kujiunganishia silaha, lakini kanuni ya wakala huweza kubadilishwa na utawala wowote.

Kuhusu silaha zisizoonekana na mashine za ukaguzi, sheria ya shirikisho ya 1988 hutumia kipimo cha wakia 3.7 za chuma (silaha isiwe ngumu kugunduliwa kuliko chuma hicho), na ina ukomo wa muda unaoongezwa mara kwa mara. Muswada wenu uweke kipimo hicho bila ukomo, na udai chuma kiwe sehemu ambayo silaha haiwezi kufyatua bila hiyo.

Wakazi wa Minnesota wanaofuatilia sheria za silaha