Cheti cha alama ya biashara kina mipaka

Kwa Mhariri,

Wafanyabiashara wengi hapa Mombasa hudhani cheti cha alama ya biashara huwapa umiliki wa neno lenyewe. Sivyo. Kwa Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, ulinzi hufuata daraja la bidhaa, yaani kundi lenye nambari ambamo bidhaa imepangwa: aliyesajili jina la halua (daraja la 30) hawezi, kwa cheti hicho pekee, kumzuia mshona kanzu (daraja la 25). Alama mashuhuri ni habari nyingine.

Cheti cha Kenya hakivuki mpaka kwenda Tanga wala Zanzibar. Tena hakimkatazi jirani kutumia jina lake mwenyewe kwa nia njema, au kuandika tu kwamba halua yake ni ya Mombasa. Aliyelitumia jina mfululizo kabla yako pia haguswi, na hapo ndipo wengi hushtuka, cheti kimo mkononi.

Usajili hudumu miaka 10, kisha huhuishwa. Lakini alama iliyokaa miaka 5 bila kutumika yaweza kufutwa daftarini mtu akiomba. Anayeona ombi la mwingine la kusajili alama linamdhuru ana siku 60 tangu litangazwe kuweka pingamizi.

Wakala wa alama za biashara,
Mombasa