Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora: visiki navyo vihesabiwe

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: MITI INAYOOTA YENYEWE NA NYUKI WANAOITEGEMEA

Mwangaluka. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mkulima wa alizeti na matikiti, na ni mfugaji nyuki katika Wilaya ya Sikonge. Ningeweza kuipitisha barua hii masjala kama kawaida, lakini jambo lenyewe linawagusa watu wengi wa mkoa huu na ningependa nao walisome. Sikuja kumshtaki mtu. Nina ombi moja, nalitaja mapema ili usilitafute hadi mwisho: kwenye taarifa ya upandaji miti ambayo halmashauri zinakuletea, iongezwe safu moja ya miti iliyoota yenyewe na ikaachwa ikue.

Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Sisi tuna halmashauri nane, kwa hiyo ni miti milioni 12 kila mwaka kwa mkoa mzima. Agizo ni zuri. Lakini anayeishi huku anajua kinachofuata. Mche unapandwa mvua zikiwa zimechanganya, picha zinapigwa, wageni wanaondoka. Aprili au mwanzoni mwa Mei mvua zinakata, na kuanzia hapo unahesabu miezi bila tone. Mchwa wanaanza na mizizi, mbuzi wanamalizia majani. Shule yenye kisima huokoa michache. Isiyo na kisima inaomba miche mingine msimu unaofuata, na miche hiyo inaingizwa kwenye hesabu kana kwamba ile ya mwaka jana bado ipo.

Kuna suala pia la aina ya miti. Nyingi ni mijohoro na milingoti. Mjohoro una kivuli na unavumilia jua, sina ugomvi nao, ila ua lake halina mbochi, yaani maji matamu ambayo nyuki hutengenezea asali. Nyuki akilitembelea anaondoka na chavua tu. Mlingoti, kusema haki, nyuki wanaupenda, na mkulima anayekausha tumbaku yake kwa kuni za mlingoti aliopanda mwenyewe, akaiacha mitundu, miti ya asili ya miombo, porini, mimi namshukuru. Lakini shamba la milingoti si msitu. Humo hupati matunda pori ya mbula wala mtonga, wala uyoga ule ambao kina mama wanaupanga kwenye sahani kando ya barabara mvua zinapoanza. Uyoga ule unaishi kwa kushikana na mizizi ya miti ya miombo. Ukiukata mti umeukata na uyoga, na hakuna kitalu cha halmashauri kinachoweza kukurudishia.

Sasa, Mheshimiwa, siku ukipita njia ya Sikonge au ya Urambo mwezi Oktoba, mwambie dereva asimame kwenye shamba lolote la tumbaku lililoachwa misimu michache. Utaona visiki. Sogea karibu. Pembeni mwa kila kisiki cha mtundu, muba au myombo kuna machipukizi, mengine yamefika kifuani, majani yake machanga ni mekundu kama shaba. Hakuna aliyeyamwagilia. Mizizi yake imeshakwenda chini miaka mingi kabla mti haujakatwa, kwa hiyo kiangazi hakiyatishi. Mninga una tabia yake ya ajabu zaidi: mche wake hufa juu kila kiangazi, mwaka baada ya mwaka, na wakati wote huo mzizi unanenepa chini kwa chini. Ukifika nguvu ya kutosha, shina linapanda na halirudi nyuma tena. Mtu asiyejua akikipita kijiti kile Agosti ataapa kimekufa. Atakilima, au atakichoma.

Hiyo ndiyo miti ninayotaka ihesabiwe. Haina gharama ya mbegu, viriba wala gari la kusambaza. Inachotaka ni kuachwa: moto usipite kila mwaka, ng'ombe wapunguzwe kwa misimu michache, na visiki visig'olewe bila sababu. Historia tunayo. Miaka ya 1940 Waingereza walifyeka Urambo kwa matrekta kwa ajili ya mradi wao wa karanga, wakang'oa mpaka mizizi, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Tumbaku ikaingia. Shoka huacha kisiki ardhini, trekta la kung'oa haliachi kitu.

Utaniuliza nyuki wanaingiaje hapa. Wanaingia kwa tumbo. Alizeti yangu inachanua kwa wiki chache, matikiti hivyo hivyo. Nyuki anakula mwaka mzima. Mitundu na miyombo inachanua kiangazi, kabla ya mvua, wakati shambani hakuna ua hata la dawa. Muba unafuata mvua zikielekea kwisha. Kwa hiyo nyuki anayekuja kuchavusha alizeti yangu ametunzwa na msitu miezi yote ambayo mimi sikumpa chochote. Ukiondoa msitu, alizeti haitamleta peke yake, kwa sababu atakuwa amehama au amekufa njaa kabla haijachanua.

Na si nyuki wa mizinga peke yao, ambao angalau wana mtu wa kuwasemea kwa kuwa wana asali ya kuuza. Wako nyuki wadogo wasiouma, wanaoishi kwenye mashimo ya miti mikubwa, ambao asali yao watu wanaitafuta kama dawa na bei yake ni ya juu kuliko ya kawaida. Gogo lenye shimo ndilo la kwanza kubebwa kwenda kwenye bani la kukaushia tumbaku, maana ni kavu na linawaka vizuri. Wako wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa, tunawafukuza kwa fagio, kumbe wakiingia kwenye maua wanafanya kazi kubwa. Wako vipepeo na mbawakawa. Mbuyu nao unachanua usiku, na anayekuja kuuchavusha ni popo, mnyama ambaye mtaani kwetu hatajwi bila mtu kutema mate. Viumbe hawa hawana chama cha ushirika wala afisa wa wilaya. Hakuna anayeandika kwamba wamepungua.

Nieleze kidogo habari ya ua la tikiti, maana hapo ndipo mambo yanaharibika mbele ya macho yetu. Tikiti, kama boga, lina maua dume na maua jike mbalimbali kwenye mmea mmoja. Ua jike utalijua, lina kitikiti kidogo nyuma yake. Linafunguka asubuhi na kufikia mchana linajifunga, na halifunguki tena. Kwa hiyo chavua lazima ibebwe na mdudu ndani ya saa hizo chache. Asipokuja, kile kitikiti kinageuka njano na kudondoka. Wakija wachache, tunda linakua limepinda upande mmoja na sokoni linabaki chini. Sasa watu wetu wanapiga dawa saa ngapi? Saa mbili, saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ni saa ile ile. Msimu mmoja jirani alipulizia tikiti zake asubuhi zikiwa zimechanua, na kesho yake chini ya mizinga yangu nyuki walikuwa wamelala ulimi nje, wengine wakizunguka pale pale kama walevi. Sikugombana naye. Alinunua dawa dukani, kibandiko kimeandikwa kwa maandishi madogo, muuzaji akamwambia inaua wadudu. Ni kweli inaua. Dawa moja ya aina hiyo, imidaklopridi, Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2018 isitumike mashambani nje ya vitalu nyumba, kwa sababu ya nyuki. Huku kwetu iko kwenye tumbaku na mboga.

Tulichofanya na jirani ni kidogo tu: akitaka kupulizia ananiambia jana yake, naye anapulizia jioni, maua yakishajifunga na nyuki wakisharudi. Matikiti yake hayakuharibika kwa wadudu zaidi ya zamani. Jambo hili linaweza kusemwa kwenye mkutano wa kijiji kwa dakika tano, kama afisa ugani na afisa nyuki wangekuwa wanakwenda pamoja. Kwa sasa mmoja anakuja kufundisha dawa, mwingine anakuja kufundisha mizinga, na hawakutani.

Na sisi wafugaji nyuki si malaika. Mzinga wa gome unatengenezwa kwa kuuvua myombo mzima ngozi yake, mti ukafa umesimama. Wapo wanaorina kwa mienge na kuacha moto nyuma yao. Wapo wanaomtegea nyegere sumu kwa sababu amepasua mizinga, na sumu hiyo haichagui, inaua na fisi na tai wanaokuja kula mzoga. Wakati dawa ya nyegere ni waya. Unauning'iniza mzinga kati ya miti miwili, juu kidogo ya urefu wa mtu, na kwenye shina unazungushia kipande cha bati ili kucha zake ziteleze. Anakuja, anatazama juu, anatukana kwa lugha yake, anakwenda zake. Vikundi vingi huku vimeshaacha magome, vinatumia mizinga ya mbao na bomba la moshi. Haya yote yanafanyika bila agizo la mtu.

Kuhusu kuacha miti ikue, Mheshimiwa, hatuhitaji kutafuta utaalamu mbali. Wasukuma na Wanyamwezi tuna ngitili: eneo linalofungwa mvua zikianza ili nyasi na miti vipumzike, mifugo iingizwe kiangazi kikali. Nzega na Igunga zipo. Shinyanga, iliyokuwa ikiitwa jangwa, ilirudi kwa njia hiyo hiyo. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianza mwaka 1986, wakati ngitili zilizokuwa zinajulikana rasmi zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa na mtu, ilitoka kwenye mizizi na mbegu zilizokuwa ardhini. Waliosimamia walikuwa wazee wa vijiji na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, na faini zililipwa. Serikali ilifanya jambo moja la busara, iliitambua kazi ambayo watu walikuwa wanaijua tayari.

Najua yatakayosemwa. Kwanza, ardhi haitoshi na mifugo imeongezeka. Kweli, ndiyo maana naomba pembe tu za kijiji, kando ya mito na kuzunguka vyanzo vya maji, na mashamba yaliyochoka ambayo hata hivyo hayalimwi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kuyatenga. Pili, tumbaku ndiyo inayosomesha watoto. Sipingi, nimesomeshwa nayo. Sijasema mtu aache tumbaku.

La tatu ndilo zito: safu mpya kwenye fomu ni nafasi mpya ya kupika takwimu. Mtendaji atakaa ofisini aandike visiki elfu themanini. Kwa hilo nina mawazo. Hesabu ifanyike Oktoba, si Aprili. Kila mti Aprili ni wa kijani, hata uliochomekwa jana. Oktoba hakuna kujificha. Kijiji kichague vipande vichache vya hatua hamsini kwa hamsini, vijulikane, viwekewe alama ya rangi kwenye miti ya pembeni, na wanafunzi wa shule ya karibu wahesabu machipukizi yaliyopita goti la mtu mzima, wakiandika na jina la kila mti. Mwaka unaofuata wanarudi pale pale. Na milioni 1.5 iliyopandwa nayo ihesabiwe Oktoba hiyo hiyo, kwa watu hao hao. Naamini baadhi ya wakurugenzi hawatalipenda pendekezo hili, na sababu nadhani unaijua.

Kikao cha Kamati ya Ushauri ya Mkoa kinaweza kulipitisha hili bila bajeti mpya. Fomu ipo, maofisa wapo, Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo hapa hapa Tabora na kina wanafunzi wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Kama mtahitaji kijiji cha kuanzia, kikundi chetu kina eneo kando ya mto ambalo halijachomwa kwa miaka kadhaa sasa. Mtume mtu na kamba ya kupimia. Njia ya kufika hupitika kwa pikipiki mpaka mvua za kwanza, kwa hiyo asichelewe kupita Oktoba.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mfugaji nyuki, Wilaya ya Sikonge

Nakala: Wakurugenzi wa Halmashauri zote nane, Mkoa wa Tabora